Taji la Mweka Hazina wa Kilwa

Mtu akisimama pwani ya Kilwa Masoko wakati wa maji kupwa, akaelekeza uso wake kisiwani, haoni ila mstari wa mikoko, vichwa vya minazi, na kuta za Gereza zilizosimama ufuoni kama mzee aliyesahau alilolijia. Mashua humvusha kwa muda mfupi, na nyayo zake zikisha kukanyaga mchanga wa upande wa pili, huwa amekanyaga mji uliokuwa ukitajwa katika bandari za Arabuni na Bara Hindi wakati ambapo miji mingi iliyo mikubwa leo ilikuwa vichaka. Mlango huo wa bahari ni mwembamba, lakini mambo yaliyopita ndani yake ni mapana. Ulipitisha dhahabu, ukapitisha mizinga, na mwaka 1505 ulipitisha taji.

Wasomi wa leo huijua Rumi kuliko wanavyoijua Kilwa. Tangu mwaka 1963, Julius Nyerere alipoutia mchezo wa Shakespeare katika Kiswahili kwa jina la Julius Caezar, hata mwanafunzi asiyejua neno moja la Kilatini ameweza kuona jinsi taji linavyoweza kunyoshwa mbele ya umati, likakataliwa kwa mkono na kutamaniwa kwa moyo. Hiyo ni neema kubwa. Walakini aibu iliyoje mtu kujua habari za baraza la watu wa mbali, asijue kuwa pwani yake mwenyewe ilikuwa na baraza, na hazina, na amiri mwenye tamaa, na raia aliyevishwa taji mchana kweupe huku moshi wa nyumba za jirani zake haujatulia! Raia huyo alikuwa Muhammad bin Rukn al-Din al-Dabuli, ambaye waandishi wa Kireno walimwita Muhammad Ankoni. Hakuzaliwa mfalme. Nisba yake huelekea bandari ya Dabhol katika pwani ya Bara Hindi, na kazi yake katika Kilwa ilikuwa kutunza mali ya dola.

Haifai kumpima mtu kabla ya kupima mji aliosimama ndani yake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, na alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, kwani alikuwa akiitwa Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipaji. Zama zile dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, na Kilwa ilikuwa mlinzi wa njia ya Sofala. Juu ya mwamba wa kaskazini liliinuka jumba la Husuni Kubwa; Msikiti Mkuu ukaongezwa nguzo, matao na kuba; na sarafu za shaba zenye majina ya masultani zikapita mikononi mwa wauza nafaka na wauza nguo. Neville Chittick na wenzake walipochimba kisiwani katika miaka ya 1960 waliona ushahidi wa neema ile katika vigae vya Uchina na shanga za kigeni, vitu ambavyo havidanganyi kwa sababu havina ulimi.

Lakini mti huliwa na mchwa kabla ya kuangushwa na upepo. Katika karne ya 15 nguvu za masultani wa Kilwa zilipungua mkononi na kubaki katika jina. Maamiri na mawaziri ndio waliopandisha na kushusha. Sultani alikuwa kama kofia: huvaliwa na kuvuliwa, na kichwa ni kile kile. Mwishoni mwa karne hiyo kiti kilikuwa cha Sultani al-Fudail, na amri ilikuwa ya Amiri Ibrahim. Waandishi wa Kireno wasema kuwa Ibrahim alimwua bwana wake. Wakisadikiwa au wasisadikiwe, jambo moja ni dhahiri: al-Fudail alipotoweka, Ibrahim alitawala bila ya haki ya ukoo wa kifalme, na wakuu wengi wa mji walimtii kwa hofu wala si kwa mapenzi. Muhammad Ankoni alikuwa mmoja wa hao. Moyo wake ulibaki na nyumba ya al-Fudail, na funguo za hazina zilibaki kiunoni mwake. Mtu mwenye hali hiyo huogopwa na mtawala, na yeye humwogopa mtawala. Kila mmoja humsalimu mwenziwe asubuhi ili ajue kama yungali na nia ya jana.

Huo ndio mji walioukuta Wareno. Mwezi wa Julai mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alitia nanga, na Ibrahim akaonana naye majini, kila mmoja katika chombo chake, kwa fahari na kwa shaka. Hapakuwa na mapatano. Miaka miwili baadaye, Julai 1502, alikuja Vasco da Gama na merikebu nyingi zaidi na maneno machache zaidi. Alidai Kilwa iwe chini ya mfalme wa Ureno na ilipe kodi kila mwaka, ama mji upigwe mizinga. Ibrahim alikubali mithqali 1,500 za dhahabu, kadiri ya kilo sita kwa vipimo vya leo.

Hapa ndipo jina la mweka hazina linapoingia katika vitabu vya wageni. Habari za Kireno zasimulia kwamba Ibrahim alimtoa Muhammad Ankoni awe rehani ya kodi ile, kisha akachelewa kuilipa, akitumaini kuwa hasira ya mgeni itamwondolea adui wa nyumbani. Siasa ya namna hii ina werevu wake, lakini ni werevu wa mtu atobowaye jahazi ili amzamishe abiria mmoja. Muhammad alikaa merikebuni, akahesabu mawimbi na kuhesabu siku, hata akatambua kuwa hakuna atakayekuja. Alijikomboa kwa mali yake mwenyewe.

Yamkini ni katika siku zile, baina ya mbao za merikebu ngeni na sauti ya adhana iliyomfikia kwa mbali kutoka Msikiti Mkuu, ndipo mambo makubwa ya maisha yake yalipoamuliwa. Hapana kitabu kilichoandika fikira zake. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuachwa na wenziwe katika mkono wa adui aweza kuzikisia. Mji wake ulikuwa umbali wa kupiga makasia, na mji huo ulikuwa umemwuza. Mbele yake walikuwa watu wakali waliotaka dhahabu. Nyuma yake alikuwa amiri aliyetaka roho yake. Kwa wale alikuwa na bei, na bei hulipika. Kwa huyu alikuwa na hatia ya kuwa hai, na hatia hiyo haina malipo. Aliporudi pwani alikuwa huru kwa mwili, lakini uhuru ule alikuwa ameununua kwa mgeni, na kitu mtu alichokinunua mara moja hujua dukani kwake siku ya pili.

Siku ya pili ilifika mwezi wa Julai mwaka 1505. Francisco de Almeida, aliyekuwa akienda Bara Hindi kuwa makamu wa mfalme wa Ureno, aliingia bandarini na sehemu ya jeshi lake. Alitaka Ibrahim aje amsalimu na kutimiza kodi. Ibrahim alitoa udhuru mmoja baada ya mwingine, hata ikasemwa kuwa alirudi njiani kwa sababu paka mweusi alimkatiza. Paka yule, kama alikuwapo, alikuwa mwanasiasa kuliko wengi. Tarehe 24 Julai Wareno waliteremka alfajiri kwa pande mbili. Vita vilikuwa vifupi. Ibrahim alivuka bara na jamaa zake, mapadre wakasimamisha msalaba juu ya nyumba mojawapo, na askari wakaachiliwa kuteka nyara. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika merikebu zile, aliacha maelezo ya mji wa nyumba za mawe zenye ghorofa, bustani za michungwa, pamba na asali. Maelezo ya mtu aliyeuona uzuri ule katika saa ile ile ya kuvunjwa kwake.

Almeida alihitaji mfalme. Alikuwa na taji la dhahabu katika mizigo yake, lililokusudiwa kichwa kingine, cha mfalme wa Cochin huko Bara Hindi. Aliwauliza watu nani anafaa, akamwona Muhammad Ankoni. Basi mweka hazina alivishwa mavazi ya thamani, akavishwa taji la azima, akapitishwa mjini ili raia wamwone.

Katika saa ile Muhammad alifanya jambo moja ambalo limemwinua juu ya vibaraka wengi wa dunia. Alisema kuwa kama al-Fudail angekuwa hai, yeye asingekipokea kiti. Na akaomba kwamba baada yake ufalme urudi kwa mtoto wa al-Fudail, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa na watoto wa kiume. Wareno, ambao hawakuwa wepesi wa kustaajabu tabia njema kwa watu waliotoka kuwapora, waliliandika neno hili kwa mshangao. Mwizi wa taji hulitafutia mrithi katika nyumba yake. Muhammad alilitafutia mrithi katika nyumba aliyoitumikia.

Msomaji wa habari za Rumi hataacha kumkumbuka Cicero hapa. Yeye naye hakuwa wa ukoo mkuu. Alitoka Arpinum, mji mdogo, na kazi yake ya kwanza ya dola ilikuwa ya fedha, alipokuwa mweka hazina katika kisiwa cha Sicily mwaka 75 kabla ya Kristo. Alipanda kwa akili na ulimi hata akashika daraja ya juu ya utawala mwaka 63, akavunja njama ya Catilina. Naye pia aliishi katika mji ambao sheria zake zilikuwa zimebaki katika jina, na nguvu zake zilikuwa mikononi mwa wenye majeshi. Naye pia alimtafuta mlinzi baina ya watu asiowapenda: mara Pompeius, mara Caesar, na mwisho kijana Octavianus, akidhani kuwa upanga wa mtu mwingine waweza kuitetea sheria kisha ukarudi alani kwa adabu. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 kabla ya Kristo aliuawa kwa amri ya watu watatu, na kijana yule alikuwa mmoja wao. Kichwa chake na mkono wake vikatundikwa mahali pale pale alipokuwa akihutubia.

Ulinganifu huu una faida, lakini una mpaka wake, na haki yataka mpaka huo utajwe. Cicero alikosea miongoni mwa raia wenziwe. Upanga aliouamini ulikuwa wa Kirumi, na dola iliyozaliwa baada ya kifo chake ilikuwa ya Warumi. Muhammad aliegemea upanga wa watu waliokuja kwa dhahabu, wasiojua majina ya mitaa waliyoichoma. Cicero aliupoteza uhuru wa baraza. Muhammad alikabidhi uhuru wa mji. Wala yeyote asiseme kuwa hilo ni jambo moja. Mtoto wa nyumba akimpiga mwenziwe, nyumba yabaki nyumba. Mgeni akipewa ufunguo ili awaamue, hulala ndani.

Lakini upande wa pili wa mizani nao una uzito. Mji ulikuwa umekwisha kushindwa kabla taji halijafunguliwa katika mzigo. Aliyeshindwa alikuwa Ibrahim, na Ibrahim hakuupigania mji kwa nguvu ile aliyoitumia kuunyang'anya. Kama Muhammad angekataa, Wareno wangetafuta mtu mwingine, labda asiye na huruma na asiyemkumbuka mtoto wa al-Fudail. Mtu mzima aliyejua kuhesabu aliweza kusema hivi: taji litavaliwa tu, heri livaliwe na kichwa kitakachofikiri jinsi ya kulirudisha. Hii ndiyo hoja ya kila mtu mwema aliyekubali kuwa chombo cha mkono mbaya, na ugumu wake ni kuwa aghalabu ina kweli ndani yake. Uongo mtupu ungekataliwa na moyo safi; ni nusu ya kweli iwachukuayo watu wema.

Kosa la Muhammad halikuwa tamaa, wala halikuwa woga. Lilikuwa kosa la hesabu, na ni ajabu kuwa limfike mtu wa hazina. Alidhani kuwa mgeni akitoa taji hutoa taji peke yake. Hakuona kuwa pamoja na taji hutolewa ngome, na ngome ina amiri wake: Wareno walijenga ngome ya Santiago ufuoni, wakamwacha Pêro Ferreira Fogaça kuiongoza. Mfalme mwenye taji alikaa katika nyumba yake, na mfalme mwenye mizinga alikaa ufuoni. Sofala nayo ilishikwa na Wareno mwaka ule ule, na mrija wa dhahabu ulioilisha Kilwa kwa karne nyingi ukaanza kukatwa. Alikuwa mtawala wa ghala lisiloletewa kitu.

Mwaka 1506 aliitwa kwa hila na mtawala mmoja wa bara, jamaa wa Ibrahim, akaenda kwa amani, akauawa. Mtoto wake alishika kiti, akatumia mali na nguvu katika kulipiza kisasi cha baba yake. Ombi la baba, kwamba ufalme urudi katika ukoo wa al-Fudail, likawa moto badala ya kuwa maji: wako waliomtaka mwana wa marehemu, wako waliotaka damu ya kifalme, na Wareno wa ngomeni waliegemea huku leo na huku kesho. Wafanyabiashara walifunga mizigo wakahama kwenda miji mingine ya pwani. Mwaka 1512 Wareno wenyewe waliona kuwa faida ya Kilwa haifiki gharama ya kuilinda; waliiacha ngome wakaenda zao, na Amiri Ibrahim akarudi. Basi baada ya miaka saba ya mauti, kisasi na njaa ya biashara, mji ulirudi kwa mtu yule yule, ila mji wenyewe haukuwa ule ule.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sehemu kubwa ya habari hizi imetoka kwa João de Barros, aliyechapa kitabu chake cha kwanza cha habari za Asia mwaka 1552, naye hakuvuka kuja pwani hii. Aliandika kwa kusoma hati za watu wake. Kwake yeye Muhammad ni mwema kwa sababu alikuwa rafiki wa Wareno, na Ibrahim ni mwovu kwa sababu hakuwa. Upande wa wenyeji upo mwandishi wa Kitab al-Sulwa, tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu, ambaye alizaliwa mwaka 1499. Mji ulipotekwa alikuwa mtoto wa miaka sita. Alikuwa na umri wa kukumbuka moshi, lakini hakuwa na umri wa kufahamu mashauri. Nakala ya kitabu chake iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 haikutimia. Hukatika kabla ya mambo kufika mwisho wake. Hivyo Muhammad bin Rukn al-Din amebaki kama mshitakiwa ambaye shahidi wake mmoja ni rafiki wa adui, na shahidi wa pili amenyamaza katikati ya neno.

Huenda ndiyo sababu pwani haikumwekea kumbukumbu. Katika Kilwa Kivinje watu huonyesha mahali pa Mwembe Kinyonga, na jina la Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895, hutajwa kwa heshima. Katika milima ya Matumbi hukumbukwa Julai ya mwaka 1905, ulipowaka moto wa Maji Maji, miaka 400 kamili baada ya Almeida kuteremka kisiwani. Waliokataa wana mti na wana mlima. Aliyekubali hana hata kaburi linalojulikana. Na ni haki iwe hivyo, kwani taifa haliwezi kulea watoto wake kwa mfano wa kukubali. Lakini kusahau ni jambo jingine. Wanaokataa huwafundisha watu ushujaa. Yeye aliyekubali kwa nia njema afundisha hadhari, na hadhari ni elimu isiyoimbwa ngomani lakini huhitajiwa kila siku katika mabaraza. Yafundisha pia kuwa mji haukuuzwa mwaka 1505. Uliuzwa siku amiri alipomtoa raia wake rehani na mji ukatazama bila ya kusema neno. Mtu aliyeachwa peke yake mikononi mwa mgeni asilaumiwe peke yake akirudi na mgeni.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Gereza wanaloliona wageni leo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani, lakini lilisimamishwa mahali pa ngome ya Wareno, juu ya mawe yaliyowekwa wakati Muhammad angali hai. Na katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Lisbon kuna chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, ambacho maandishi yake yasema kuwa Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Watu hupita mbele yake wakausifu ustadi wa sonara. Maandishi yale yataja pia mwaka kilipomalizika: 1506. Ni mwaka ule ule aliouawa mweka hazina.